Haki ya Mtu Mwenye Ulemavu Kufikiwa na Huduma za Serikali za Mitaa

Nyamisati ni kijiji cha bandari katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Barabara itokayo Bungu hukomea hapo na safari ya maji huanza. Wapo abiria wanaovuka kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, na wapo wakazi wa vijiji vya delta ya Rufiji, vilivyo ndani ya mikoko, ambao huifikia ofisi ya kata, kituo cha afya au makao makuu ya Halmashauri kwa boti, mashua au mtumbwi. Katika maeneo haya watu hupanga siku yao kwa kufuata maji. Yakijaa, chombo husogea karibu na nchi kavu. Yakipwa, hubaki tope baina ya chombo na ufuko.

Kwa mtu mwenye miguu yenye nguvu, tope hilo ni adha ya dakika chache. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, tope hilo ni mpaka. Itambidi abebwe mgongoni mbele ya watu, au arudi nyumbani. Akirudi nyumbani, hakuna daftari litakaloonyesha kwamba amenyimwa huduma, kwa kuwa hakuna ofisa aliyemwambia "hapana".

Makala hii inaeleza kwa nini hali kama hiyo nayo ni suala la haki, sheria inamtaka nani afanye nini, na hatua ambazo mtumiaji wa huduma anaweza kuchukua.

Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 12 na ya 13, inatambua usawa wa binadamu wote na usawa mbele ya sheria. Ibara ya 11 inaitaka Serikali kuweka utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010.

Sheria hiyo inautazama ulemavu kwa namna inayostahili kueleweka vyema. Haiutazami kama kasoro ya mwili peke yake. Inauona kuwa ni kupotewa au kupunguziwa fursa ya kushiriki katika maisha ya kawaida ya jamii kwa kiwango sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au za kijamii. Kwa maana hiyo, ngazi isiyo na njia mbadala, tangazo lisilosomeka na mkutano usio na mkalimani wa lugha ya alama ni sehemu ya tatizo. Vitu hivi vimewekwa na watu, na watu wanaweza kuviondoa.

Sheria hiyo hiyo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya mazingira yasiyo na vikwazo katika majengo na huduma za umma. Aidha, inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu walio katika maeneo yao. Kwa hiyo mtumishi anayeuondoa mwiba huu anatekeleza sheria. Anayehudumiwa hana haja ya kuona kwamba amefanyiwa hisani.

Ubaguzi si matusi peke yake

Wengi hudhani kuwa ubaguzi ni kutukanwa au kufukuzwa mlangoni. Huo upo, na ni kosa. Lakini ubaguzi ulio mwingi hauna sauti. Huonekana katika mambo kama haya:

1. Utaratibu mmoja kwa wote usiojali tofauti. Mfano ni ofisi inayotaka kila mwombaji apande ghorofani, au mkutano wa kijiji unaoitishwa saa ya maji kupwa hali wapo wakazi wasioweza kuvuka tope.

2. Taarifa inayotolewa kwa njia moja tu. Tangazo la karatasi kwenye ubao halimfikii asiyeona. Tangazo la kipaza sauti halimfikii kiziwi.

3. Kumsemesha msindikizaji badala ya mhusika. Mtumishi humuuliza ndugu, "Huyu anataka nini?" wakati mwenye shida ameketi mbele yake.

4. Masharti yanayomwongezea mtu gharama, kama kutakiwa arudi mara tatu kwa jambo ambalo wengine humaliza kwa siku moja. Kwa mkazi wa delta, kila safari ina nauli yake, na mara nyingi anayemsindikiza hulipa pia.

5. Foleni ya juani. Kwa mtu mwenye ualbino, saa mbili za kusubiri pasipo kivuli ni madhara kwa ngozi yake.

Ili kupima kama huduma inafikika, jiulize maswali manne. Je, mtu huyu anaweza kufika? Je, anaweza kuingia? Je, anaweza kuelewa na kueleweka? Je, ataondoka na huduma ile ile waliyoipata wengine, bila kulipa zaidi na bila kudhalilishwa? Likikosekana jibu la "ndiyo" katika swali lolote, hapo pana kikwazo cha kuondolewa.

Marekebisho stahiki ni nini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa unatamka kwamba kumnyima mtu marekebisho stahiki nako ni ubaguzi. Marekebisho stahiki ni badiliko la lazima na linalofaa, linalofanywa kwa ajili ya mtu fulani katika jambo fulani, pasipo kuitwisha taasisi mzigo usio na uwiano. Kwa mfano, mtendaji hushuka na kumhudumia mkazi chini ya mwembe badala ya kumpandisha ngazi. Muuguzi humwandikia kiziwi maelezo ya dawa kwa maneno mepesi. Mwenyekiti husogeza mkutano hadi saa ya maji kujaa. Karani humsomea asiyeona waraka wote, neno kwa neno, kabla hajaweka dole gumba.

Mengi katika hayo hayagharimu fedha. Ofisi inaweza kusema kwa haki kwamba haina fedha za kujenga njia ya mteremko mwezi huu. Haiwezi kusema kwa haki kwamba haina uwezo wa kusoma waraka kwa sauti.

Mfano: mkopo wa asilimia mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika kijiji kimoja cha delta wapo wakazi wanne wanaotaka kukopa ili wanunue nyavu na jokofu la samaki. Mmoja haoni, mmoja ni kiziwi, na wawili wana ulemavu wa miguu.

Tangazo la mikopo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Mafunzo kwa waombaji yamepangwa siku moja tu, mjini Kibiti. Maombi yanajazwa katika mfumo wa kielektroniki. Siku ya mwisho inapita, na wanne hao hawakuomba. Mwisho wa mwaka taarifa inasema kwamba waombaji wenye ulemavu walikuwa wachache. Mtu aisomaye atadhani hawakuhitaji.

Hakuna aliyewakatalia. Hata hivyo, fungu lililotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu limetangazwa na kugawiwa kwa njia ambayo wao hawakuweza kuifuata. Marekebisho yaliyohitajika yalikuwa madogo: mwenyekiti wa kitongoji kupita nyumba kwa nyumba na taarifa, afisa maendeleo ya jamii kwenda kijijini kwa chombo kinachofika maji yakijaa, mkalimani au mtu anayeaminiwa na kiziwi kuwepo wakati wa mafunzo, na mtumishi kuwajazia maombi katika mfumo huku wakisikiliza na kuthibitisha kila kipengele.

Nani anawajibika kwa lipi

Kulalamika mahali pasipohusika hupoteza muda. Katika eneo kama Nyamisati, mtu mmoja katika safari moja hukutana na taasisi kadhaa:

– Ofisi za kijiji na kata, shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya vya umma viko chini ya Halmashauri ya Wilaya. Msimamizi mkuu wa watumishi wake ni Mkurugenzi Mtendaji.

– Bandari na gati ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA).

– Usalama na ubora wa huduma za usafiri wa majini hudhibitiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

– Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA).

Ndani ya Halmashauri, maofisa wa kwanza kuwaendea ni Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Maendeleo ya Jamii. Sheria ya mwaka 2010 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu, kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa hadi halmashauri na mkoa. Ukiwa kijijini, muulize mtendaji ni akina nani wajumbe wa kamati yenu. Ikiwa haijaundwa, hilo ni jambo la kuuliza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu.

Hatua za kufuata

Kwanza, omba mapema na kwa maneno mahususi. Usiseme tu, "Naomba msaada." Sema kikwazo ni kipi na badiliko unalolitaka ni lipi. Barua fupi kama hii inatosha:

"Ndugu Mtendaji, mimi ni mkazi wa kitongoji cha …… na ninatumia kiti cha magurudumu. Nimeitwa ofisini tarehe …… saa tatu asubuhi, ambapo maji yatakuwa yamekupwa na boti haitafika gatini. Naomba nihudumiwe saa nane mchana siku hiyo hiyo, au ofisa anifikie kijijini. Naomba jibu kabla ya tarehe ……"

Pili, weka kumbukumbu. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama umeomba kwa mdomo, andika tarehe, saa, cheo cha uliyezungumza naye na jibu alilokupa. Asiyeandika na amwombe mtu amwaminiye.

Tatu, usipojibiwa au usiporidhika, panda ngazi: kutoka mtendaji wa kijiji hadi mtendaji wa kata, kisha Mkurugenzi Mtendaji kupitia dawati la malalamiko la Halmashauri. Diwani wako naye anaweza kulifikisha jambo hilo katika vikao. Ukihitaji taarifa, kama vile kiasi kilichotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ijibu ombi lako ndani ya siku 30.

Nne, jambo likishindikana hapo, lifikishe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila kutoza ada. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, pamoja na vyama vilivyo chini ya Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA), wanaweza kukuongoza.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, ofisi inaweza kunitaka nije na ndugu ndipo nihudumiwe?*
Unaweza kuchagua kuja na msaidizi, na ofisi inapaswa kumpokea. Lakini kukosa ndugu kusiwe sababu ya kunyimwa huduma. Jambo hili lina uzito zaidi hospitalini: mwanamke kiziwi ana haki ya kueleza maradhi yake pasipo jirani wala shemeji kuyasikia.

*Je, ndugu yangu anaweza kusaini kwa niaba yangu kwa sababu sioni?*
Kutoona hakukuondolei mamlaka juu ya mali yako. Usiweke saini wala dole gumba kwenye mkataba wa mkopo au hati ya ardhi kabla hujasomewa yote na mtu unayemwamini wewe mwenyewe.

*Mwanangu ana ulemavu wa akili. Je, shule inaweza kumkataa?*
Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu sawa na watoto wengine. Shule ikieleza kwamba haina mwalimu au vifaa, omba maelezo hayo kwa maandishi na uyapeleke kwa Afisa Elimu na Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri.

*Je, nikilalamika sitachukiwa?*
Hofu hiyo inaeleweka, hasa kijijini ambako watu wote wanafahamiana. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kuomba kwa pamoja. Barua ya watu watano haina jina moja la kunyooshewa kidole.

Neno la mwisho

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wenye umri wa miaka saba na kuendelea nchini ana aina fulani ya ulemavu. Wengine tutaongezeka kwa ajali, kwa maradhi au kwa uzee. Ndugu mtumiaji wa huduma, safari ijayo utakapofika gatini au ofisini, pitia yale maswali manne kwa niaba yako au ya jirani yako. Ukikuta kikwazo, kiandike na ukifikishe kwa mhusika, ili asiwepo tena mtu anayerudi nyumbani bila kuhesabiwa.