Ningu Anapopanda Mto Mara

Haya wanangu, sogeeni. Ninyi wa Tarime na Serengeti mmezoea kusikia kwamba samaki ni mambo ya watu wa ziwani, wa Musoma na Shirati, na sisi huku yetu ni ng'ombe na mahindi. Leo nawasimulia habari za samaki ambaye watoto wake hulelewa huku kwetu. Anaitwa ningu.

Ningu ni wa kijivu. Mdomo wake umekaa upande wa chini wa kichwa, una nyama nene, na kwa huo hukwangua ukoga juu ya mawe. Muda mwingi yumo Ziwa Victoria, ila kutaga hatagi humo. Masika ikianza, maji ya mvua yakishuka na kumwagika ziwani, ningu huyafuata. Hukusanyika makundi kwa makundi pale Mto Mara unapoingia ziwani, kisha huanza kupanda, wakishindana na mkondo, majike matumbo yamewatuna kwa mayai. Hupita chini ya daraja la Kirumi, huingia kwenye mafunjo, na kutafuta mahali ambapo mafuriko yamefunika nyasi. Hapo ndipo wanapotaga. Vifaranga hukulia katika maji hayo ya kina kifupi, na mto ukianza kupungua nao hushuka.

Wazee walimvua kwa migono. Walimla sana, lakini kwa kila aliyenaswa, wengi walipenya. Mwaka 1905 nyavu za kutega zikaletwa upande wa Kenya, zikaenea ziwa zima. Hebu fikirini wavu uliotandwa usiku mlangoni mwa mto, majira yaleyale ambayo majike wote wanapita hapo na mayai yao! Ukimtoa jike huyo, umetoa na maelfu ambao wangezaliwa baada ya siku chache. Ilipofika miaka ya 1960, ningu aliyekuwa akijaza vikapu vya watu wa mitoni alikuwa haba. Sangara, samaki mkali aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, naye akamwongezea taabu. Leo ningu amehesabiwa na wataalamu wa dunia miongoni mwa viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka.

Mto Mara bado unaye, nami nafurahi kila nikilikumbuka hilo. Kipande kirefu cha mto kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na humo haruhusiwi mtu kuvua. Tena chakula kipo, na kinatoka kwa nyumbu! Watafiti walihesabu wakakuta kwamba kila mwaka, kwa wastani, nyumbu zaidi ya 6,000 huzama wakivuka mto huu. Mamba hawawezi kuwamaliza. Minofu huliwa na samaki, na mifupa, ambayo huchukua takriban miaka saba kuoza, huota utando ambao samaki huendelea kuula nyumbu wakiwa wamekwenda zao mbali.

Nje ya hifadhi ndipo penye kazi. Mtu akimwaga utupa, yaani sumu ya kuvulia, kwenye kidimbwi, hufa wakubwa, hufa vifaranga, na vijidudu wanavyovila navyo hufa. Mtu akilima hadi ukingoni, mvua hushusha udongo ukafukia mayai. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni kwa hatua zenu siku moja mkiwa na mwalimu, muone mashamba mangapi yamevuka.

Samaki wengine wamewekewa ulinzi. Sangara, pamoja na ukali wake, amewekewa kipimo: asiyefika sentimita 50, yaani karibu rula zenu mbili, asivuliwe. Na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi wengi walibanwa, maana miezi mitatu bila kipato si mchezo, lakini upande wa Tanzania ulifungwa.

Kwa ningu wala haihitajiki kufunga ziwa. Yatosha nyavu ziondolewe mlangoni mwa Mto Mara katika wiki zile za mwanzo wa masika, majike wapite, na huku juu wakute nyasi zimefurika na hakuna jembe lililofika.