Je, Wajua? Shingo Ina Upinde Wake

Je, wajua kwamba shingo haikuumbwa inyooke kama mlingoti? Pingili zake 7 zimepangana kwa upinde mdogo unaoelekea mbele, na upinde huo huimarika mtoto anapoanza kuinua kichwa, akiwa na miezi 3 hivi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5.

Mtazame fundi cherehani wa Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, kidevu kikikaribia kifua akifuata mshono. Au kijana wa saiba Kawangware, mbele ya skrini iliyowekwa chini mno. Upinde unanyooka, na misuli ya kisogo hukaza saa nzima ili kichwa kisianguke. Mwaka 2014, daktari mpasuaji Kenneth Hansraj wa New York alikadiria kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, shingo hubeba mzigo sawa na kilo 27. Mtungi wa maji wa lita 20, ukiwa umejaa pomoni, haufiki uzito huo!

Kiti cha bei ghali si lazima. Inua skrini kwa vitabu hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho, na usimame kila nusu saa. Ganzi ikishuka mkononi, tafadhali usingoje: nenda kliniki.