Siku mbili Sumbawanga: Nini cha kuona, cha kula na usiku ukoje

- Vivutio vingi viko nje ya mji, hivyo panga safari yako kwa kufuata mwanga wa jua.
- Maji ya Kalambo yanashuka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja.
- Samaki wa Tanganyika, pombe ya ulezi na baridi ya usiku: jiandae kwa vyote.

Sumbawanga. Mwambie mtu unakwenda kutembea Sumbawanga uone. Utani unaanza hapo hapo: radi za kutumwa, safari za ungo, na ushauri wa kutogombana na mwenyeji.

Cha kuchekesha ni kwamba tafsiri inayojulikana zaidi ya jina hilo kwa Kifipa inasema kinyume chake: tupa uchawi. Na katika nchi ambayo wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, huu si utani wa kuubeba bila kufikiri.

Una hasara nyingine pia. Mtu anamaliza likizo bila kuiona Ufipa, wakati huko kuna moja ya maporomoko marefu zaidi Afrika.

Lakini tuseme ukweli. Ukienda Sumbawanga kwa mtindo wa kula bata, yaani kuamka saa nne na kusubiri giza liingie, utarudi na malalamiko. Mji huu unalipa mtu anayeamka mapema.

Unafikaje?

Kutoka Mbeya unapita Tunduma, kisha unakata kuelekea Laela hadi Sumbawanga. Ni lami, na kutoka Tunduma ni zaidi ya kilomita 200. Ukitokea Dar es Salaam kwa basi, hesabu siku nzima ya safari na zaidi, kisha lala kwanza.

Siku ya kwanza: mji na Mbizi

Mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana hewa yake haifanani kabisa na ya Dar. Asubuhi zunguka sokoni. Rukwa ni kati ya mikoa inayolisha nchi mahindi, na hapo utayaona yakiwa jirani na maharage, ulezi na samaki wakavu.

Mchana panda Mbizi, milima yenye msitu karibu na mji. Ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na ndani yake wanaishi mbega wekundu. Pita ofisi ya TFS kwanza upate kibali na mtu wa kukuongoza.

Ukifika upande wa mashariki, ardhi inakatika ghafla. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake, karibu mita 1,000, limelala Ziwa Rukwa. Kama anga ni safi, utaelewa kwa nini Wafipa wanajivunia kuishi juu.

Siku ya pili: Kalambo

Toka alfajiri. Fuata barabara ya Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kisha elekea kijiji cha Kapozwa. Bila gari binafsi, kipande cha mwisho ni cha bodaboda, kwa hiyo patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.

Kwa kulinganisha, maporomoko ya Victoria yana urefu wa mita 108. Kalambo ni zaidi ya mara mbili yake kwa kushuka, ingawa ni membamba sana. Maji huwa mengi kuelekea mwisho wa mvua, Aprili hadi Juni. Ukienda Oktoba utaona korongo la kutisha na maji kidogo.

Mto wenyewe ndio mpaka wa Tanzania na Zambia, hivyo usijaribu kuvuka kwa ajili ya picha.

Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, wanaakiolojia walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2023 ulikadiria umri wake kuwa angalau miaka 476,000, yaani kabla binadamu wa aina yetu hajatokea.

Ukiwa na siku ya tatu, shuka Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipaita Bismarckburg na mabaki ya boma lao bado yapo. Waingereza walipachukua mwaka 1916. Kabla ya kuoga ziwani waulize wenyeji, maana mamba wapo.

Unakula nini?

Agiza migebuka, samaki wa Tanganyika, kwa ugali na maharage. Ukipata ugali wa ulezi usiuache. Kwa mama lishe uliza samaki ameletwa lini kabla hujaagiza. Jioni kuna mishikaki, chipsi mayai na kitimoto kama miji mingine.

Usiku ukoje?

Usitegemee Masaki. Ni baa zenye muziki na mpira kwenye runinga, watu wamevaa makoti, na wengi wanaondoka mapema. Juni na Julai baridi ni kali kweli.

Kinywaji cha kwao ni kimpumu, pombe ya ulezi. Kionje ukiwa na mwenyeji kwenye klabu kinachoaminika, na nenda taratibu. Ikiletwa gongo, kataa: ni haramu kisheria na inaweza kuua.

Ukitoka, tumia bajaji au bodaboda ambayo gesti yako inaifahamu.

Kabla hujaondoka

Beba koti, viatu vya kushika mteremko na fedha taslimu, maana vijijini mtandao unaweza kugoma. Kiingilio cha hifadhi lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai risiti.

Na ule Matai, upande boda ya Kapozwa, ununue maharage Sumbawanga. Hao ndio wanaokosa fedha kila mgeni anapoghairi safari kwa sababu ya utani wa ungo.