Paka wa nyumbani naye ahitaji mazoezi

Je, paka wako hushinda amelala kwenye kochi katika nyumba yako ya kupanga mjini Meru au Embu? Jihadhari. Paka asiyetoka wala kucheza hunenepa, na unene huweza kumletea kisukari. Dume mnene pia yumo hatarini kuziba njia ya mkojo. Akijikaza kukojoa na mkojo hautoki, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

Kinga si ghali. Zungushia kamba ya katani kwenye gogo imara ili apande na kunoa kucha. Mchezeshe dakika 10 asubuhi na jioni kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Lakini usimwachie uzi. Akiumeza, waweza kumkata utumbo.