Dirisha la Tano

Leo nianze kwa kuungama.

Nyumbani kwangu hapa Musoma, mtaa wa Nyasho, kuna madirisha matano. Siku moja niliamua kuyapiga wavu wa mbu kwa mikono yangu mwenyewe. Kazi ilianza vizuri, jirani wakasifu. Dirisha la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilipofika la tano, ambalo ni la chumba cha watoto, misumari ikaisha. Nikaugonga wavu juu, ukabaki unaning'inia chini kama pazia. Nikamwambia mama watoto: "Kesho nitamalizia."

Kesho hiyo ilichukua miezi saba. Mwezi wa nane binti yetu mdogo akalazwa kwa malaria. Usiku ule, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake, niliwaza lile dirisha kuliko kitu kingine chochote. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma alipita pale, lakini vilevile siwezi kuapa kwamba hakupita. Kilichonirudisha nyuma kilikuwa misumari ya kununua kwa fedha ya chai tu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka tulizungumze leo. Kazi ndogo ya nyumbani iliyofika robo tatu haikupi robo tatu ya faida, na mara nyingi haikupi chochote. Madirisha manne yenye wavu na moja lililo wazi ni nyumba iliyo wazi, kwa sababu mbu hahesabu madirisha, anatafuta tundu.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross aligundua huko India kwamba vimelea vya malaria vinakaa ndani ya mbu. Mwaka 1900 madaktari wawili, Louis Sambon na George Low, walikwenda kuishi katika kibanda karibu na Roma, Italia, sehemu iliyosifika kwa malaria kali. Kibanda kilizibwa wavu kila upande, nao wakahakikisha kwamba wako ndani kabla ya jua kuzama. Walimaliza msimu mzima wa homa bila kuugua, ilhali wenyeji waliowazunguka waliugua. Angalia, ndugu msikilizaji, kilichowaokoa ni kibanda kilichozibwa CHOTE.

Sasa twende Bunda. Huko anaishi dada yangu, mchapakazi kweli kweli. Alichimbisha choo, akamwaga sakafu ya saruji, akajenga ukuta na kuezeka bati. Kilichobaki ni mfuniko wa tundu. Nilipomtembelea nikakuta nzi wanatoka chooni kwenda jikoni na kurudi, kama abiria wa daladala. Nikamuuliza, "Dada, mfuniko vipi?" Akacheka, "Mdogo wangu, fundi alisema atarudi." Ametumia fedha nyingi kuchimba shimo, lakini kinga dhidi ya kuhara ilikuwa katika kile kipande cha mwisho ambacho hakikuwepo.

Kwa nini tunaachia njiani? Mimi naona sababu tatu. Kwanza, hatuhesabu vitu vidogo: tunanunua bati na saruji, tunasahau misumari, bawaba na msasa. Pili, fundi akishalipwa sehemu kubwa, kile kilichobaki hakimvuti tena. Tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi, macho yanazoea. Wiki ya kwanza wavu unaoning'inia unakukera, ila mwezi wa tatu unauona kama sehemu ya nyumba.

Dawa ya sababu ya tatu niliipata Butiama, kwa mjomba wangu. Mzee huyu alikuwa kijana mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Wenye umri wake wanaikumbuka: kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika katika vikundi kando ya redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kutenda. Walichimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Nilimuuliza mjomba siri ilikuwa nini. Akanijibu, "Mpwa wangu, wiki ilikuwa na kazi yake, na wenzio walikuja kuitazama. Nani angependa kukutwa na shimo lisilo na mfuniko?"

Hiyo ndiyo siri: kazi moja, siku yake, na shahidi. Mimi niliporudi Musoma nikamwambia jirani yangu, "Jumamosi saa kumi jioni njoo tunywe chai, uone dirisha la chumba cha watoto." Sikuwa na pa kukimbilia.

Kwa atakayependa kufuata, kazi yenyewe ni hii. Chukua dirisha lenye upana wa mita 1 na kimo cha mita 1.2. Kata wavu ulio mkubwa kidogo kila upande, ili uukunje ukingoni usichanike. Mzunguko wa dirisha ni mita 4.4, basi nunua vipande vyembamba vya mbao vya kutosha mita 5. Ukipiga msumari kila baada ya sentimita 10 utahitaji misumari 44. Nunua 60, maana kuna itakayopinda na itakayopotea. Anza kugonga katikati ya upande wa juu, kisha vuta na ugonge katikati ya upande wa chini, halafu kulia na kushoto. Toka katikati kwenda pembeni, na wavu hautalegea. Mwisho kagua pale fremu inapokutana na ukuta. Ukiona mwanga, ziba kwa saruji.

Na wewe wa mfuniko wa choo, ukiutengeneza kwa saruji, weka mpini wa nondo kabla haijashika, kisha uumwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Saruji iliyokauka haraka juani hupasuka. Kazi inayokushinda, kama ya umeme, mwachie fundi, lakini bakiza malipo ya mwisho mpaka umekagua kazi ya mwisho.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba ufa ulioanza kuuziba ukaacha nusu bado ni ufa.

Dirisha la tano lilichukua dakika arobaini. Binti yetu alipona, yu mzima na anasoma. Jirani alikuja saa kumi kamili, akavuta ule wavu kwa kidole, akaona umekaza. Halafu akanyamaza kidogo na kusema, "Sasa Jumamosi ijayo uje kwangu. Nina mlango."

Na wewe, ndugu msikilizaji, una nini? Kitaje leo kwa mtu mmoja. Mpaka wiki ijayo, kwaheri.