Mvua Ikikatika Februari

Huku kwetu Singida tuna msimu mmoja tu wa mvua, toka Novemba au Desemba hadi Aprili. Mazao yakiungua, tunangoja mwaka mzima. Wazee wanakumbuka ukame wa 1974, Serikali ilipoagiza chakula ng'ambo.

Mara nyingi mvua hukatika Februari, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Yakikosa maji wakati huo, hayashiki punje. Hata mvua ikirudi, bure! Mtama hukunja majani, ukangoja. Mvua ikirudi, unaendelea. Ndege wanausumbua, hilo tunalijua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri kabla ya msimu. Redioni wakisema mvua chini ya wastani, tupande zaidi mtama na uwele. Mahindi yabaki bondeni penye unyevu.