Unyoya Hujaribiwa Majini

Juu ya meza yangu ya kazi, kando ya jiriwa inayobana ndoano, huwa naweka glasi ya maji safi. Kabla sijafunga chochote, nachukua kipande kidogo cha malighafi mpya, iwe unyoya, sufu au uzi wa plastiki, nakitumbukiza humo na kukitazama. Kinaelea au kinazama? Rangi imebaki ileile au imekolea? Kimebeba viputo vya hewa, au kimenywea kama kitambaa kilicholowa? Majibu ya glasi hiyo yamenifundisha mengi kuliko miaka yote niliyoitumia kuiga sampuli.

Nasema kuiga kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilijifunza kufunga nzi bandia Nyeri, katika karakana iliyouza ng'ambo. Nzi bandia ni ndoano ndogo iliyovikwa uzi, manyoya na nywele mpaka samaki amdhanie kuwa mdudu halisi. Kenya ina historia ndefu ya ufundi huu, na nzi waliofungwa kwa vidole vya Wakenya hutumika kuvua samaki aina ya trauti katika mito ya Ulaya na Amerika. Tulipewa sampuli, tukapewa manyoya yaliyokwisha kuchaguliwa, tukafunga dazeni baada ya dazeni. Hatukuambiwa kwa nini unyoya huu na si ule. Fundi asiyejua sababu hubaki kunakili tu, na siku malighafi moja ikikosekana, kazi yake imesimama. Namwandikia fundi huyo, na pia msomaji yeyote anayetaka kujua jinsi mdudu mdogo kuliko punje ya mchele anavyoundwa kwa mkono.

Wadudu wawili, tabia mbili

Nitashika wadudu wawili tu, kadisi na usubi, kwa sababu trauti huwala kwa wingi na kila mmoja huidai malighafi kwa namna yake.

Kadisi hufanana na nondo mdogo. Mbawa zake zina vinyweleo, na akitua huzikunja juu ya mgongo mithili ya paa la nyumba. Sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha chini ya maji akiwa buu. Mabuu wengine hujijengea kijumba kwa kuunganisha chembe za mchanga, vijiti au vipande vya majani kwa hariri itokayo mdomoni. Wengine hufuma wavu kati ya mawe na kungoja chakula kinacholetwa na mkondo. Pindua mawe machache katika kijito safi cha Mlima Kenya, nao hawatakuwa mbali. Buu hugeuka pupa, pupa huogelea kwenda juu, ngozi hupasuka, na mdudu mwenye mbawa huruka.

Usubi ninaousema hapa hauumi. Ni wa familia ya Chironomidae, na baadhi ya jamaa zake wamo katika yale mawingu ya wadudu yanayoinuka kama moshi juu ya Ziwa Victoria, ambayo Waluo huyaita sami. Mabuu wake wengi ni wekundu kwa sababu wana himoglobini, inayowasaidia kuishi kwenye tope lenye oksijeni haba. Pupa wake hupanda polepole, kisha huning'inia wima chini ya uso wa maji, karibu na kichwa akiwa na vishungi vyeupe vya kupumulia. Wakati huo hana pa kukimbilia, na trauti humdaka bila haraka.

Hapo mahitaji yanajitokeza yenyewe. Kadisi aliyekomaa anataka kitu kinachoelea kwenye maji yenye mawimbi. Pupa wa kadisi anataka mng'aro wa hewa. Buu anataka uzito. Usubi unataka wembamba kuliko vyote, kwa sababu mzunguko mmoja wa uzi uliozidi humfanya mdudu kuwa bonge.

Waliouliza maji

Mifano mingi tuliyoifunga karakanani kwa kunakili ilizaliwa kwa majaribio. Mwaka 1957, huko Pennsylvania, Marekani, Al Troth alifunga kadisi mwenye bawa la nywele za elki, mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi. Nywele za elki zina vyumba vidogo vya hewa ndani yake, na ndiyo maana bawa hilo huelea hata kwenye maji yanayochafuka. Kuna njia rahisi ya kuzitambua nywele za aina hiyo: zikaze kwa uzi juu ya ndoano. Zenye hewa hubonyea na kutanuka kama ufagio. Zisizo na hewa hulala tu. Nywele za mbuzi nilizozijaribu zililala, kwa hiyo sizitumii kwa nzi anayeelea, ila hufaa kwa miguu ya buu.

Gary LaFontaine wa Montana alikwenda mbali zaidi. Yeye na wenzake walizamia mtoni ili wawatazame kadisi walipo. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alieleza kwamba pupa anayepanda hung'aa kwa hewa iliyomzunguka. Akatafuta uzi wa kuuiga mng'aro huo, akaupata katika Antron, nailoni iliyotengenezwa kwa ajili ya mazulia. Kila unywele wake una pande tatu, hivyo hutawanya mwanga na kushika viputo. Duka lake la malighafi, kwa maana hiyo, lilikuwa sakafuni.

Huko Uingereza, Frank Sawyer, mlinzi wa Mto Avon katika jimbo la Wiltshire, alifunga buu lake bila uzi wa kawaida: nyuzi za mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, na waya mwembamba wa shaba, basi. Waya uleule ulifunga, ukatia uzito na ukatia rangi. Kwa mdudu wake mwingine alichagua sufu ya kutia viraka soksi, Chadwick's namba 477, kwa sababu ya rangi inayotokea ikilowa. Kiwanda kilipoacha kuitengeneza, wavuvi waliisaka kama dhahabu. Sawyer aliitazama sufu kama samaki atakavyoiona, yaani ikiwa imelowa.

Katika milima ya Jura, Uswisi, tangu miaka ya 1920 mafundi walitumia manyoya yanayoizunguka tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia wa bata. Wengi husema yanaelea kwa sababu ya mafuta hayo. Mafuta husaidia, lakini hata yakioshwa na kutiwa rangi bado huelea, kwa kuwa vinyuzi vyake vidogo visivyohesabika hunasa hewa. Ndiyo maana hayapakwi grisi: grisi huvigandisha vinyuzi na hewa ikakosa mahali pa kukaa. Mslovenia Marjan Fratnik alionyesha kwamba mwili wa uzi mtupu na manyoya machache ya aina hiyo yanatosha kuwa nzi kamili.

Na kwa usubi, yupo nzi anayebeba jina la George Griffith, mmoja wa waanzilishi wa shirika la Trout Unlimited huko Michigan mwaka 1959. Mwili wake ni unyuzi wa unyoya wa tausi, na juu yake unyoya wa jogoo wa madoadoa ya kijivu umezungushwa kutoka mkiani hadi kichwani. Vitu viwili tu, navyo huiga kishada cha usubi ulioshikamana juu ya maji. Mng'aro wa tausi hautokani na rangi iliyopakwa bali na mpangilio wa chembe ndogo mno ndani ya unyoya, zinazorudisha mwanga kwa namna yake. Udhaifu wa unyuzi huo ni kukatika. Usokote pamoja na uzi wa kufungia kabla ya kuuzungusha, utadumu.

Kabati la nyumbani

Tukishajua tunachokitafuta, tutaanza kukiona karibu. Plastiki zina uzito wake kulinganisha na maji. Tukiyahesabu maji kuwa 1, polipropilini ni kama 0.9, nailoni 1.14 na poliesta 1.38. Sasa chukua gunia la plastiki la mahindi. Limefumwa kwa polipropilini. Chomoa uzi mmoja, uchane kwa ncha ya sindano mpaka uwe vinyweleo, uutumbukize kwenye glasi: utarudi juu wenyewe. Hilo ni bawa la kadisi lisilokunywa maji, na kishungi cheupe cha pupa wa usubi. Kasoro yake ni kwamba haushiki rangi kwa urahisi, hivyo chagua gunia lenye rangi unayoitaka.

Nywele bandia nyingi za kusukia ni nzito kuliko maji, kwa hiyo haziwezi kuwa bawa la kuelea. Lakini zinang'aa, na zikichanwa na kuchanganywa na manyoya laini ya sungura hutoa mwili wa pupa wenye cheche. Sungura mwenyewe ni hazina. Manyoya yake ya chini ni laini na ya juu ni magumu. Yakisokotwa pamoja kwenye uzi uliopakwa nta, hubaki na vichaka vinavyonasa viputo. Sweta ya mtumba ya sufu, ikifumuliwa, inatosha mabuu wa mwaka mzima. Ichemshe katika majani ya chai ipate hudhurungi, au katika maganda ya vitunguu iwe ya dhahabu.

Jogoo wa kienyeji anahitaji haki yake. Manyoya ya shingo yake ni mapana na laini kuliko ya majogoo wanaozalishwa Marekani mahsusi kwa kazi hii, na hunyonya maji. Kwa nzi anayeelea ni hasara. Kwa miguu ya pupa anayeogelea ni faida, maana hupepea na mkondo. Na siku bata anapochinjwa nyumbani, usiyatupe yale manyoya madogo ya juu ya mkia.

Kwa uzito, waya wa shaba kutoka koili ya mota mbovu huwa tayari umepakwa rangi nyekundu au kahawia. Uzungushe kwenye uzi mweusi juu ya ndoano namba 20 uwe na mistari kama tumbo la usubi. Uzi wenyewe uwe wa denia 50 au chini ya hapo, yaani mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 50. Uzi wa cherehani ni mnene mno. Kumbuka pia kwamba namba ya ndoano ikipanda, ndoano inapungua.

Mpaka mmoja hauvukwi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaadhibu kukutwa na sehemu ya mnyamapori bila kibali. Nywele za swala aliyeokotwa njiani si malighafi. Manyoya ya nyumbani nayo yaoshwe kwa sabuni, yakaushwe, kisha yafungiwe kwenye friza siku kadhaa ili mayai ya nondo yafe.

Badili kimoja

Kosa ninaloliona kwa mafundi wachanga ni kubadili vitu vinne kwa siku moja. Nzi akifaulu, hawajui kilichomfaulisha. Akishindwa, hawajui cha kulaumu. Mimi hufunga watatu walio sawa kwa kila kitu ila kimoja: mmoja bawa la elki, mmoja la gunia, mmoja la bata. Nawatia katika glasi, nakoroga maji kwa kijiko mara ishirini, naandika nani amezama. Baada ya hapo ndipo napanda Mto Gura, ambako Ewart Grogan alitia trauti wa kwanza mwaka 1905, kuthibitisha nilichoambiwa na maji ya mezani.

Nilikuwa nimefunga kadisi kwa miaka mingi kabla sijamwona hata mmoja wangu juu ya mto. Siku hiyo nilimtazama akiteremka na povu, bawa juu, mpaka samaki akamfuata kutoka chini ya jiwe. Alimkaribia, akamtazama, akarudi zake. Mwili niliounakili ulikuwa mnene kuliko kadisi waliokuwa wakiruka pale. Jioni ile nilirudi nyumbani nikapunguza mizunguko mitatu ya sufu, na kwa mara ya kwanza nikaandika katika daftari langu mfano usiokuwa na sampuli.